Cheti cha Ijumaa

Karatasi yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja tu. Alex aliitandaza juu ya shuka la hospitali, karibu na mguu wa Felisiani uliofungwa kamba na kuvutwa kwa uzito wa chuma, kisha akaweka kalamu juu yake isije ikapeperuka. Pembeni aliacha mfuko wa machungwa na boksi la juisi. Alikuwa meneja wa Upeo Tisa Safaris, kijana wa Arusha mwenye adabu zake, na mle wodini alizungumza kwa sauti ya chini kama yuko kanisani. Alimwamkia mama yake Felisiani, bibi aliyekuja kutoka Kansay na blanketi lake begani, akampa pole Witness, mke wa mgonjwa, akauliza watoto wanaendeleaje.

"Ni saini tu, kaka," alisema. "Hapa chini."

Ilikuwa siku ya tano tangu ajali. Asubuhi ya ajali Felisiani alikuwa akiwashusha wageni sita kwenye kreta ya Ngorongoro, na kwenye kona ya pili pedeli ya breki ilizama hadi sakafuni isirudi. Alipata muda wa kuchagua kitu kimoja tu: bonde au ukuta wa mlima. Akachagua ukuta, tena kwa upande wake wa usukani. Wageni walitoka na michubuko, na jioni ile ile wakapandishwa ndege kwenda kumalizia likizo yao Zanzibar. Yeye walimtoa kwa mtaimbo, fupa la paja limekatika.

"Nisomee, Mama Sifa," Felisiani alimwambia mkewe. Dawa za maumivu zilikuwa zimemlegeza ulimi.

Witness aliichukua, akasoma kwa sauti. "Mimi Felisiani Bura, dereva, nakiri kwa hiari yangu kwamba niliendesha kwa kasi na bila uangalifu katika barabara ya kushuka kreta, na kwamba gari nililopewa lilikuwa zima..." Hapo akaishia.

"Zima?" Felisiani alijaribu kuinua kichwa. "Alex, nimekuandikia mara tatu. Kwenye fomu yenu wenyewe. Nimeandika breki inazama, masta silinda imekufa. Ukaniambia nimalizie msimu."

"Kaka, mimi nakuelewa kabisa. Lakini gari lina cheti cha ukaguzi. Serikali imelipitisha. Mimi ni nani nibishane na serikali?" Alex alisema hayo kwa unyonge, kama vile serikali ilimwonea na yeye. "Ukisaini, kampuni inakupeleka Moshi, unawekewa chuma. Ni ubinadamu tu, maana kimkataba hatudaiwi. Usiposaini, mwenye kampuni anasema tusubiri. Na daktari ameshawaambia mfupa hausubiri."

Bibi alisema jambo kwa Kiiraqw, kisha akalirudia kwa Kiswahili ili mkwewe asikie. "Aandike. Hiyo karatasi haiumi. Kinachouma ni mguu."

"Tuachie tuisome," alisema Witness.

"Mwisho kesho kutwa, dada." Alex alisimama, akatoa simu. "Kaka, inua kidole gumba kidogo. Wageni wako wanakuulizia."

Felisiani, ambaye kwa miaka tisa alikuwa amezoea kutabasamu kila anapoelekezewa kamera, aliinua kidole. Kabla ya saa moja kupita, picha ile ilikuwa kwenye ukurasa wa kampuni, machungwa yakionekana vizuri, na maneno ya Kiingereza kwamba Upeo Tisa haimwachi mtu wake, maana wote pale ni familia moja.

Asubuhi iliyofuata Witness hakufungua banda lake la cherehani. Alivaa gauni la kanisani, akaenda kwa afisa kazi, kwenye jengo lililo nyuma ya stendi. Alikaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa tano. Waliokuja baada yake wakiwa na bahasha za kaki walipita moja kwa moja.

Afisa kazi aliitwa Clara. Hakuwa mtu mkali, amechoka tu. Alifungua jalada la Upeo Tisa, akalisoma, akalifunga.

"Mama, mume wako hayumo."

"Hayumo vipi?"

"Kwenye orodha waliyotuletea wana waajiriwa wanne. Meneja, mhasibu, mpishi na mlinzi. Hao ndio wanaochangiwa mfuko wa fidia."

"Na madereva?"

"Madereva hawamo."

"Kampuni ina magari kumi na moja," alisema Witness. "Yanaendeshwa na mpishi?"

Clara aliangalia pembeni. "Mimi nasoma kilicholetwa. Mkataba wa mumeo unasema yeye ni mtoa huduma wa kujitegemea. Mtu anayejitegemea akiumia, kisheria ameumia kwake."

"Anajitegemea na shati lao, gari lao, ratiba yao? Siku akichelewa dakika kumi wanamkata?" Witness alijizuia sauti isipande. "Mliwahi kwenda kuwahesabu?"

"Ofisi haina mafuta, mama. Mara ya mwisho tulipokwenda, ilibidi wao watutumie gari."

Witness alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. Alieleza jambo hilo kama mtu anayeeleza kwamba mvua haikunyesha.

Kutoka hapo alikwenda kwa miguu hadi ofisi ya ukaguzi wa magari ya watalii, kwenye barabara ya kupanda getini, vumbi la magari ya safari likimwandama. Mkaguzi, Bwana Raphaeli, alikuwa akinywa chai. Hakumkaribisha kiti. Lakini aliposikia ni gari lipi, alilitoa jalada kwa furaha kidogo, kwa sababu lilikuwa jalada safi.

"Hiki hapa cheti. Tarehe ishirini na tisa Agosti, Ijumaa, saa nne asubuhi. Breki, nzuri. Usukani, mzuri. Matairi, mazuri." Alisoma kama mwalimu anayeita mahudhurio. "Gari halikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa dereva. Hawa vijana wakishapewa bakshishi wanakimbia kama wendawazimu."

"Ulilikagua wewe mwenyewe?"

"Saini ya nani hii?"

"Na lilisimama wapi?"

"Hapo nje, kwenye shimo la ukaguzi."

Witness alichungulia dirishani. Ngazi za lile shimo zilikuwa zimeota majani hadi magotini, na ndani yake kuku alikuwa akichakurachakura na vifaranga vyake. Majani yale hayakuwa ya wiki mbili tangu tarehe ile.

"Naomba nakala ya cheti."

"Nakala ni ya mwenye gari. Mama, hizi ni nyaraka za serikali, haziombwi kama chumvi."

Alitoka bila nakala. Alikuwa amefika barabarani ndipo ile tarehe ilipomrudia kichwani, akasimama. Akafungua mkoba, akatoa karatasi ya Alex, akasoma kuanzia pale alipoishia jana, baada ya neno "zima". Ilikuwa imeandikwa na kampuni yenyewe, kwa muhuri wake: kwa mujibu wa cheti cha ukaguzi uliofanyika Karatu siku ya Ijumaa, tarehe 29 Agosti.

Siku hiyo Witness aliijua kuliko siku yake ya kuzaliwa. Ilikuwa siku ya mahafali ya Sifa, binti yao, ya darasa la saba. Sifa alisoma risala. Kiti cha baba kilikaa kitupu, na Witness, kwa hasira, alimtumia mumewe ujumbe akiwa pale pale shuleni kwamba wageni wanamjua zaidi kuliko mwanawe. Felisiani alijibu kwa picha. Alikuwa ameegemea boneti ya gari, namba ikionekana, nyuma yake nyasi za Serengeti zimekauka hadi upeo wa macho. Chini aliandika: Mpe Sifa hongera. Leo tunalala Seronera, nisamehe.

Picha ilitumwa saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Wodini, Felisiani aliitazama ile picha muda mrefu. Alikuwa na homa. Muuguzi alikuwa amekwishasema kwamba wakingoja wiki nyingine mfupa utaanza kuunga vibaya, na itabidi uvunjwe upya.

"Permiti ya hifadhi nayo ipo," alisema. "Kwenye begi langu la kazi. Ina namba ya gari na siku zote. Tuliingia tarehe ishirini na nne, tukatoka thelathini na moja."

"Basi gari lilikaguliwa hapa Karatu likiwa Serengeti."

"Yote yanakaguliwa hivyo, Mama Sifa. Kila mwaka. Alex anapeleka orodha ya namba, vinarudi vyeti." Aliongea akitazama dari. "Tunajua sote. Tunaendesha tu."

Hilo lilimuuma Witness kuliko yote aliyoyasikia siku hiyo, kwamba alikuwa akijua, na kila asubuhi alikunywa chai, akambusu mtoto, akaenda kukaa juu ya breki zile. Alitaka kumgombeza. Akaona mguu, akamfunika shuka vizuri.

"Lete kalamu," alisema bibi. Alikuwa akilia bila sauti. "Mke wa mwanangu, hizo tarehe zako zitamtembeza? Nipeni karatasi, nitamshika mkono aandike."

"Mama, mguu ni wake," alisema Witness. "Aseme mwenyewe. Akisaini sitamlaumu hata siku moja."

Felisiani alifumba macho. Walidhani amelala.

"Gari analoendesha Lemayian ni dada wa lile," alisema hatimaye. "Yalinunuliwa siku moja, mitumba ile ile. Nikisema lilikuwa zima, Alhamisi yeye anashuka kreta na lake." Akageuza uso ukutani. "Chukua hiyo karatasi uipeleke kunakotakiwa. Mimi siisaini."

Kikao cha wilaya kuhusu ajali kilifanyika wiki iliyofuata. Meza ilikuwa ndefu, na kila kiti kilikuwa na chupa ya maji mbele yake. Witness alielekezwa benchi lililo mlangoni, ambako hakukuwa na meza wala chupa. Alex alikuwapo, na wakili wa kampuni, na Bwana Raphaeli. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima mwenye miwani, aliyeanza kwa kuwakumbusha wote kwamba utalii ndio unaoijenga Karatu na kwamba wawekezaji wasikatishwe tamaa. Hakuna aliyesema neno lolote kuhusu dereva mpaka saa nzima ilipopita.

Witness aliposimama, mwenyekiti alimuuliza anamwakilisha nani.

"Mume wangu. Hawezi kupanda ngazi zenu."

Alieleza kwa ufupi. Akaweka mezani permiti, picha, na karatasi ya Alex. Wakili alizipitia, akatabasamu kwa upole.

"Mheshimiwa, hili ni kosa la uchapaji tu. Ukaguzi ulifanyika tarehe ishirini na saba."

"Tarehe ishirini na saba gari lilikuwa Serengeti."

"Au ishirini na sita. Kumbukumbu zipo."

"Na ishirini na sita pia. Safari ilikuwa ya siku nane, permiti ni hiyo mbele yako. Chagueni siku nyingine."

"Mama," mwenyekiti alisema, "hapa hatuko sokoni."

"Najua, mheshimiwa. Sokoni hata kitunguu kinageuzwa ndipo kinunuliwe."

Mtu mmoja alicheka, akakohoa kuficha. Bwana Raphaeli hakuinua macho. Mwenyekiti alisema hoja imepokelewa na itafanyiwa kazi, akafunga kikao. Witness alikaa nje ukutani kupunguza kizunguzungu cha njaa, na akiwa pale aliwaona Alex na Raphaeli wakiondoka katika gari moja, mkaguzi akiwa kiti cha mbele.

Lemayian alikuwa akimsubiri chini ya ngazi. Alikuwa Mmasai wa Ngorongoro juu, dereva mwenzake na rafiki wa Felisiani tangu chuo cha waongoza watalii, mtu wa maneno machache. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Itafanyiwa kazi," alirudia. "Sawa, shemeji. Kesho tuna wageni wa magari manane. Tutapitia pale kwanza."

Ndivyo ilivyokuwa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi magari manane ya Upeo Tisa, yameoshwa, viti vimefutwa, masanduku ya chakula cha wageni nyuma, yalijipanga mbele ya ofisi ya ukaguzi badala ya kwenda kuwachukua wageni hotelini. Witness alikuwapo, kanga mabegani kwa baridi. Bwana Raphaeli alipofika alidhani wamepotea njia.

"Zamu yenu ni mwakani. Vyeti vyenu viko hai."

"Vyeti viko hai, ndiyo," alisema Lemayian. "Sisi nasi tunataka tubaki hai. Tunaomba ukague, tukiona."

"Kwa amri ya nani?"

"Saini ni yako. Tunakuomba ufanye ulichokwisha kusaini."

Raphaeli aliingia ndani, akafunga mlango, akapiga simu. Kufikia saa mbili simu zilikuwa zikilia kila mahali. Wageni walikuwa wamekaa kwenye vibaraza vya hoteli na kofia zao vichwani. Mameneja wa hoteli walimpigia Alex, Alex aliwapigia madereva mmoja mmoja, akianza kwa kubembeleza na kumalizia kwa vitisho. Madereva wawili waliyumba. Mmoja aliwasha gari, akalizima. Saa nne mwenye kampuni aliwasili kutoka Arusha, mtu mnene wa miwani ya jua ambaye wengi wao hawakuwahi kumwona ana kwa ana.

"Nani amewatuma?"

Walitazama chini. Misimu yote waliyoila, ada za watoto, mabati ya nyumba, vyote vilitoka mkononi mwa mtu huyu, na kila mmoja alikuwa akiwaza hilo.

"Mimi," alisema Witness.

"Wewe ni nani?"

"Mume wangu ndiye yule mliyemweka kwenye ukurasa wenu. Mlisema ni familia."

Pengine ingeishia hapo, kama lisingefika gari la wakala mmoja mkubwa wa watalii likiwa na mama wa Kizungu mwenye wageni kumi na wanane mkononi. Aliuliza kwa Kiswahili chake cha miaka mingi ni kwa nini magari hayakaguliwi kama ni mazima. Swali lile lile lililokuwa kelele mdomoni mwa fundi cherehani, mdomoni mwake lilikuwa na maana. Mwenye kampuni alivua miwani. Akamwita Raphaeli nje.

Madereva wenyewe waling'oa majani shimoni. Kuku alihamishwa. Raphaeli alishuka na shati lake la ofisi, kurunzi mkononi, na gari la Lemayian likasogezwa juu ya kichwa chake. Alimaliza dakika chache tu. Alipopanda, begani alikuwa na doa bichi la oili ya breki, na hakuna aliyehitaji kusoma alichoandika. Siku hiyo aliandika kwa mkono wake kwamba magari sita kati ya manane hayafai kutembea barabarani.

Laiti mambo yangekuwa kama watu wa Karatu walivyoyasimulia wiki ile, Upeo Tisa ingefungwa na wenye hatia wangejibu. Haikuwa hivyo. Kampuni ilisimama siku tisa, ikatozwa faini ambayo gari moja huilipa kwa safari moja, ikafunguliwa kwa sababu wageni walikuwa njiani. Bwana Raphaeli alihamishiwa kituo kingine, akaendelee kusaini huko. Wilaya iliandika barua ya mistari mitatu: cheti cha tarehe 29 Agosti kimefutwa. Nani alikitoa, kwa nini, mtu gani alivunjika mguu kwa sababu yake, barua haikusema. Lemayian na wenzake wawili walijulishwa kwa ujumbe wa simu kwamba huduma zao za kujitegemea hazihitajiki tena.

Felisiani alipelekwa Moshi kwa michango ya madereva wa kampuni zote, wengine hata hakuwajua. Aliwekewa chuma, ila siku zilikuwa zimekwenda, na mguu ulirudi mfupi kwa upana wa vidole viwili. Bibi alimpokea nyumbani. Alimsogezea kigoda tu, akamwinulia mguu juu yake, akaondoka kwenda jikoni. Kwa siku mbili hakuzungumza na Witness. Siku ya tatu alimwomba amsomee ile barua ya wilaya, na alipoisikia imekwisha aliuliza, "Ni hayo tu?" Kisha akasema, "Rudini huko."

Wakarudi. Lemayian alizunguka siku nne akikusanya majina ya madereva wote kumi na mmoja, kila mmoja na namba yake ya kitambulisho, mwaka alioanza kazi, na saini. Saba walikuwa bado kazini, nao wakasaini. Felisiani alipanda ngazi za afisa kazi kwa magongo, kidato kimoja kimoja, akikataa kushikwa. Witness alibeba karatasi, Lemayian akiwafuata nyuma.

Clara alikuwa ameinamia simu yake. Hakuinua kichwa.

"Leo hatupokei madai. Njooni Jumatatu."

"Leo ni Jumatatu," alisema Witness.

Clara aliitazama simu, akaitazama kalenda ya ukutani, kisha akawatazama wao: mwanamke mwenye gauni la kanisani, Mmasai aliyesimama mlangoni, na mtu wa magongo ambaye jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni kwa sababu ya ngazi kumi na nne. Hakuna aliyeketi, na hakuna aliyeonyesha dalili ya kuondoka. Clara akafungua kabati, akalitoa jalada la Upeo Tisa. Orodha ilikuwa pale pale, majina manne, la mwisho la mlinzi. Akachukua rula, akapiga mstari chini yake.

"Haya," alisema. "Jina la tano."